Mjane wa Mradi wa Magunia

Nyamvula wa mtaa wa Shika Adabu ana kazi ambayo haimo katika orodha yoyote ya serikali. Nyamvula ni mnufaika. Wako walionufaika kwa bahati tu, mradi ukawapitia, ukaisha, wakarudi kukaanga viazi karai. Yeye hunufaika kwa ustadi. Mradi wa vyandarua ulimkuta, mradi wa majiko ulimkuta, mradi wa kunawa mikono ulimkuta keshanawa. Ukiona gari jeupe lenye antena ndefu linasitasita kwenye mashimo yetu huku Likoni, usijisumbue kuuliza laenda wapi. Laenda kwa Nyamvula.

Ni mwanamke mnene wa wastani, ana mwanya, na sauti yake hupanda na kushuka pale anapotaka yeye. Akipigwa picha hahitaji kuelekezwa. Hujua jua liko upande gani. Akiulizwa swali na mgeni hanyanyui macho mara moja. Huyaacha chini kidogo, avute pumzi, kisha ayainue yakiwa na unyevu. Kuna watu wamesomea uigizaji wakashindwa na hilo.

Mradi wa sasa ni wa magunia. Unapewa gunia, unajaza udongo na samadi, unatoboa matundu ubavuni, unapanda sukuma wiki na mchicha. Bango lililopigiliwa kando ya barabara lasema lengo ni kuimarisha ustahimilivu wa kaya. Kwa lugha ya wenye njaa, mboga.

Zamani wafadhili walikuwa wakihesabu. Alikuja mtu, akahesabu magunia, akahesabu majani, akahesabu watoto, akaenda zake. Halafu huko ng'ambo mkubwa mmoja akachoka kusoma hesabu, akasema hesabu hazimlizi. Sasa wanataka hadithi. Kila tathmini ikifika, wanawake wa kikundi hukaa duara, kila mmoja aeleze badiliko kubwa kuliko yote maishani mwake tangu mradi uanze. Kisha wenyewe, kwa wenyewe, wachague hadithi inayozishinda nyingine, ipelekwe juu. Kwenye ripoti hiyo huitwa njia shirikishi. Shika Adabu tuliita mashindano, na Nyamvula alikuwa hajawahi kushindwa.

Hadithi yake ilijengwa juu ya mgongo wa mumewe. Nguma ni mlinzi kwenye yadi ya malori Miritini, hulala huko wiki nzima, huja nyumbani Jumamosi na mkate. Maisha yake yote hajaonja pombe ya mnazi. Ulevi wake ni soda ya tangawizi. Lakini hadithi ya badiliko yataka kwanza pabaya pa kutokea, na Nyamvula alipoangalia nyumbani kwake hakuona pabaya pa kutosha. Basi Nguma akawa mlevi. Tathmini iliyofuata akawa mlevi anayeuza sufuria. Iliyofuata, mlevi aliyeuza sufuria pamoja na mchuzi uliokuwemo. Nguma mwenyewe aliyajua hayo siku mchungaji alipomwita mbele ya kanisa, akamwekea mikono kichwani, akakemea pepo la mnazi mpaka kipaza sauti kikalia.

"Nyamvula, mimi nimeombewa nini leo?" alimuuliza walipofika nyumbani.

"Umeombewa magunia, mume wangu. Kula mboga."

Akala. Mtu mpole.

Sasa tuje kwa Kafedha, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyeingia kikundini mwaka jana baada ya kufukuzwa na kiwanda kimoja cha Changamwe kilichopunguza watu. Mwembamba, mkimya, Nyamvula amemzidi umri kidogo, naye humwita dada. Nyamvula mwenyewe ndiye aliyemfundisha kutoboa gunia. Hilo alilijutia mapema, maana sukuma za Kafedha ziliota majani ya kujifunika mvua, na zake, kwa udongo ule ule na samadi ya mbuzi yule yule, zilikuwa kama zimeambiwa habari mbaya.

Wivu ulianza hapo, lakini ulioiva uliletwa na kalenda. Kila mwaka wafadhili hutoa kalenda ya picha za wanufaika, na kila mwaka Nyamvula huwa Januari. Ya mwaka huu ilipokuja, Januari alikuwa mbuzi wa Kwale. Nyamvula akafungua kurasa kwa kidole cha mate. Mwezi wa sita akamkuta Kafedha, kacheka, kashika gunia lake, na pembezoni mwa picha kiwiko cha mtu.

"Kiwiko cha nani hiki?" aliuliza Gladys, mwenyekiti wa kikundi, ambaye akiona kidonda huweka chumvi kwanza, pole baadaye. "Mbona kama nakijua?"

"Cha mtu tu," akasema Nyamvula, na kiwiko chenyewe akakificha ndani ya leso.

Kalenda aliitundika, kwa sababu asingeitundika watu wangesema. Lakini Mei ilipoisha alirukia Julai. Nyumba ile haikuwa na Juni mwaka huu.

Katika hali hiyo ndipo ikaja tathmini ya mwisho wa mradi, na ndani yake habari iliyomkosesha Nyamvula usingizi wa mchana. Safari hii haitasafiri hadithi peke yake. Mwenye hadithi itakayochaguliwa atapandishwa treni Miritini hadi Nairobi, akaisimulie mwenyewe mbele ya wafadhili. Sasa fikiria. Mumewe huilinda yadi iliyo karibu na stesheni, huisikia treni ikiondoka kila siku. Mkewe ameieleza dunia umaskini wake mara zote hizo, na hajawahi kukanyaga hata ngazi ya behewa. Alianza kushona gauni kabla ya kikao.

"Waenda harusini?" Kafedha alimuuliza juu ya ukuta.

"Naenda Nairobi."

"Kwani wameshachagua?"

"Wewe shona lako, mwanangu," akajibu Nyamvula, ingawa wamepishana miaka michache tu, na Kafedha hakuwa akishona kitu.

Kikao kilifanyika kanisani, lile la mabati. Mtathmini alikuwa binti wa Nairobi aitwaye Wairimu, mwenye kompyuta ndogo ya kugusa na subira ya mtu aliyelipiwa hoteli. "Mamangu, jisikieni huru," alisema. "Hakuna story mbaya hapa. Zote ni poa."

Wanawake walisimulia. Mmoja amepata haja kubwa vizuri tangu aanze kula mboga, akapigiwa makofi. Gladys alisimulia uongozi wake, na alipomaliza bado alikuwa anaongoza. Nyamvula aliomba awe wa mwisho, kama bibi harusi.

Kabla yake alikuwa Kafedha. Alisimama, akaishika leso yake kwa mikono miwili, akaanza chini chini mpaka Wairimu akasogeza kiti.

"Mimi si msemaji. Nilipoachishwa kazi chakula kilikuwa cha watoto tu. Nikiwapakulia wakiniuliza, mama, wewe huli? Nawaambia nimekula kwa dada Nyamvula. Kila siku nimekula kwa dada Nyamvula. Wakazoea. Mdogo akawa aniuliza, leo kwa dada Nyamvula mmekula nini? Namwambia wali wa nazi. Namwambia samaki. Nikawa najitungia mapishi. Sasa gunia lilipoanza kutoa, siku ya kwanza nikakaa mkekani nikala nao. Yule mdogo akaniangalia akaniambia, mama, leo kwa dada Nyamvula hawakupika?"

Akaketi.

Kanisa likaanza kupenga kamasi. Gladys alilia waziwazi. Wairimu aliacha kuandika. Na Nyamvula? Nyamvula alikuwa akihesabiwa na macho ya kikundi kizima, yakimuuliza wali wa nazi uko wapi. Hakuwa amejua. Wallahi hakujua, angejua huenda angetoa. Lakini moyo wake wakati ule haukuwa na nafasi ya huruma, ulikuwa umejaa kitu kimoja tu: huyu kanipita. Huyu asiye msemaji, asimamaye vibaya, asiyejua kuinua macho, kanipita kwa kusimulia chakula ambacho hakukila, na ameniingiza mimi humo humo ndani kama kiwiko.

"Mama Nyamvula, karibu," Wairimu akasema, akifuta jicho.

Alisimama. Akilini akamtazama mlevi wake wa siku zote na sufuria zake, akamwona amechacha. Aliyeuza mchuzi hawezi kusimama mbele ya mtoto yule. Akayaacha macho chini, akavuta pumzi, na alipoyainua mdomo ulikuwa umeshamtangulia.

"Badiliko langu mimi," akasema, "ni kwamba nimekuwa mjane."

Mtu akaangusha kikombe.

"Juzi. Lori la makasha, Miritini. Limemkanyaga akifungua geti. Sijamwambia mtu, nilikuwa nimejikaza nisiharibu tathmini. Na leo kama si haya magunia, jamani, mimi ningekula nini?"

Sasa kikundi hiki kina ada yake. Mwenzako akisimulia mbele ya wageni, humkatizi, humsahihishi, hata aseme alizaliwa Marekani; mkate wa mtu haumwagiwi maji. Kwa ada hiyo Nyamvula alitegemea kimya cha adabu, kura, treni. Lakini hakukumbuka kwamba msiba una ada yake pia, na ya msiba hukimbia zaidi. Nguma walimwona Jumapili kanisani. Malori ya Miritini wanayajua. Kwa nini wasiamini?

Gladys alipiga ukemi uliosikika hadi barabarani. Wanawake wakainuka pamoja, na wa kwanza kumfikia Nyamvula, wa kwanza kumshika asianguke, ingawa hakuwa anaanguka, alikuwa Kafedha.

"Aki woiye, tusimamishe," Wairimu akasema, akaifunga kompyuta. "Kura tutafanya baadaye. Pole sana mamangu."

"Hapana, tupige tu kura," akasema Nyamvula. "Nguma angependa tupige kura."

"Amechanganyikiwa," Gladys akaamua. "Mpelekeni nyumbani."

Adhuhuri haijapita, turubai lilikuwa limefungwa uani kwake. Viti vya kanisa vilifika. Mchele ulifika, sukari ilifika, kuni zilifika kichwani mwa watu aliowahi kuwanunia. Nyamvula alikalishwa mkekani, akavuliwa hereni, akafungwa leso kichwani, na kila alipofumbua mdomo aseme neno, mtu alimkumbatia neno likarudi ndani. Gauni la Nairobi lilikuwa limetundikwa mlangoni. Mama mmoja alilipapasa akasema, "Maskini, alikuwa amejishonea la furaha."

Na bado hilo halikuwa la kumuumiza. La kumuumiza lilikuwa Kafedha. Kafedha alifagia uwanja. Kafedha aliwasha moto. Kafedha alikaa kando yake akalia, na alilia vizuri. Si kelele, alimtaja Nguma kwa mambo ya kweli, alivyompandishia bati lililong'olewa na upepo, alivyowagawia watoto mkate wa Jumamosi juu ya ukuta. Wageni wakiingia uani walikwenda kumpa pole Kafedha kwanza, wakidhani ndiye.

Nyamvula akainua sauti. "Uuuwi, Nguma wee!"

Wakamgeukia. Kisha Kafedha akasema kwa utaratibu, "Na hakuwahi kupita bila kusalimu," na wote wakamgeukia tena yeye.

Hapo mjane, mbele ya Mungu na turubai, alimwonea mwenzake wivu wa kilio cha mume wake mwenyewe, ambaye hajafa.

Gladys, kwa upande wake, alikuwa na kazi ya uongozi. Mwili hauwezi kukaa Miritini. Akapiga namba ya marehemu, akijua ni lazima kuna mtu wa yadi aliyeiokota simu.

"Hallo, hapo ni yadi ya malori?"

"Ndiyo. Nani mwenzangu?"

"Gladys wa kikundi, Shika Adabu. Twauliza mwili wa Nguma uko wapi, tujipange kuuchukua."

"Mwili wa nani?"

"Wa Nguma, mlinzi wenu. Yule aliyekanyagwa."

Honi ya lori ikapita.

"Mwenyekiti, Nguma ni mimi."

"Wewe?" Gladys akatazama simu, akairudisha sikioni. "Na mwili je?"

"Mwili ninao. Naja nao."

Mwanamke mwingine angepiga kelele. Gladys aliitia simu kifuani, akavuta kiti akakiweka pahala panapoonekana vizuri, akaketi, akawaambia wapishi, "Ongezeni mchele. Kuna mtu yuaja."

Nguma alishuka kwenye bodaboda na tochi yake ya kazini, akaona turubai, akaona viti, akavua kofia kwa heshima ya marehemu kabla hajakumbuka ni nani. Uani pakatokea mtawanyiko. Waliokimbia walikimbia, mchungaji alikutwa baadaye nyuma ya tangi la maji, akasema alikuwa anaomba. Wairimu, aliyekuja kutoa pole, alibaki amesimama na unga wa rambirambi mkononi.

"Hodi," akasema Nguma.

Akaja akakaa ukingoni mwa mkeka, akamtazama mkewe.

"Nimekufa na nini?"

"Lori," akasema Nyamvula ndani ya leso.

"Lori gani?"

"La makasha."

"La yadi yetu au mgeni?"

"Nguma, usinitie aibu mbele za watu."

"Mimi ndiye nakutia aibu?" Alisema pole pole, na hilo lilikuwa baya kuliko angepiga ukelele. "Ulevi nilikubali. Sufuria nilikubali, nikaombewa mpaka shingo ikaniuma. Nikasema, ni mboga. Lakini sasa, mke wangu, tukiendelea hivi, tathmini ijayo wanifanyeje? Kuna kitu kilichobaki?"

Hapo ndipo Nyamvula alipolia kilio chake mwenyewe, kibaya, kisicho na mpangilio, chenye makamasi. Hakuna aliyepiga picha. "Ni yeye!" akasema, akimnyooshea Kafedha kidole. "Sukuma zake! Kalenda yake! Mtoto wake! Na sasa amekulilia kunishinda, nami ndiye mkeo!"

Nguma akamgeukia Kafedha. "Umenililia?"

"Kidogo, shemeji," Kafedha akasema, akiona haya.

"Ahsante. Ni vizuri mtu kujua." Akavuta sahani. "Basi kama ni matanga yangu, nipakulieni. Nimetoka Miritini na njaa."

Walikula. Chakula cha msiba hakirudishwi madukani, na kusema kweli kilikuwa kitamu. Wairimu alieleza kwa adabu kwamba hadithi yoyote lazima ihakikiwe kabla ya kupelekwa juu, na hii, alivyoihakiki, inakula wali. Kwa hiyo haiwezi kuendelea kama ilivyo, lakini kura ya kikundi ni ya kikundi.

Kura ilipigwa pale pale chini ya turubai la marehemu. Kila hadithi na bakuli lake, kila mwanamke na punje moja ya mahindi, unaitia ukiwa umewapa mgongo wenzako. Yalipofunuliwa, punje zilikuwa zimelundikana bakuli la Kafedha. Katika bakuli la Nyamvula zilikuwa mbili.

Moja aliijua. Hakuwa mtu wa kujinyima.

"Hii ya pili ya nani?" akauliza, macho yakimtafuta Gladys.

"Mie usinitazame," akasema Gladys. "Mie nilitia kwa mtoto."

"Ni yangu," Kafedha akasema. "Ulivyosema kile kitu kanisani nilishtuka, nikaona langu ni dogo. Nikasema, dada Nyamvula apate japo treni. Hata baadaye sikutaka kubadili nia."

Kuna watu wangelainika. Nyamvula alizidi kukasirika. Kushindwa kwa hadithi alikuwa ameanza kukuzoea; sasa ameshindwa na kwa punje.

Siku ya safari, alfajiri ya treni, Kafedha alibisha hodi na mfuko wa kuazima. Nyamvula alikuwa amevaa gauni lake jipya, maana lingekaa mlangoni mpaka lini. Nguma, aliyepewa ruhusa kazini kwa sababu ya kufiwa na yeye mwenyewe, alikuwa nje akipanga bodaboda.

"Dada, nimekuja kuaga. Na kuuliza, nikisimama pale mbele za watu, macho niyaweke wapi?"

Nyamvula alinuia kumwambia ayaweke dari. Lakini ufundi ni ufundi, na hakuweza kuvumilia kuona kazi inaharibiwa. "Chini kwanza. Usiharakishe. Ukifika pale kwa mtoto, nyamaza, uwaache wao waanze kulia kabla yako. Na usishike hiyo leso kama wakamua nguo."

"Ahsante, dada."

"Na mimi je? Utanitaja?"

"Lazima nikutaje. Ndiyo hadithi yenyewe."

"Watakuuliza kama kweli nilikuwa nakulisha."

Kafedha akainamisha kichwa. "Wakiuliza nitasema ukweli. Sikuwahi kula kwako. Sitasema ulininyima, maana sikukuomba."

Nyamvula akauona ukumbi wote wa Nairobi, wafadhili na miwani yao, jina lake likipita hewani kama jina la nyumba ambayo mtu alikuwa akiisingizia wali. Huko ndiko atakakofika yeye, bila gauni, bila treni. Kiwiko tena.

"Kaa chini," akasema.

"Treni, dada."

"Kaa, nimekwambia!"

Akafunua sufuria. Alikuwa amepika tangu usiku haujaisha, bila kumwambia Nguma sababu: wali wa nazi, na samaki. Akapakua mlima, akauweka mbele ya Kafedha, akasimama mlangoni, mikono kiunoni, ili asipite.

"Kula. Umalize. Wakikuuliza, ujibu kama mtu aliyeshiba."

Kafedha akatazama sahani kwa muda, akaanza kula. Alikula kwa mkono, mpaka kitoweo kikamfika kiganjani. Nje bodaboda ilipiga honi. Nyamvula hakusogea. Alikuwa akiutazama uso ule kwa jicho la mtathmini.

"Wasemaje?" akauliza mwishowe, hawezi kujizuia.

"Kitamu, dada." Kafedha akalamba kidole, akafikiri. Hakuzoea kusema uongo. "Ila wa kwangu, ule niliokuwa nawaambia watoto, ulikuwa na nazi zaidi."